Kitufe Chenye Picha ya Nyumba

Karakana yetu iko Kangemi, Nairobi, nyuma ya jengo la ghorofa ambalo mwenyewe alichoka kulijenga. Ukuta mmoja ni wa mawe kwa sababu ni wa jirani. Kuta nyingine tatu ni mabati. Ndani kuna mashine ya kuchonga mbao ambayo mimi na dada yangu mdogo tuliijenga wenyewe kwa miaka miwili, na kando yake kuna sanduku la chuma lenye kioo cha kugusa, kikubwa kuliko simu na kidogo kuliko televisheni. Mgeni akiingia hukitazama kioo hicho kwanza. Husema, kumbe hapa Kangemi kuna vitu. Mimi huitikia, kisha hujitafutia kazi nyingine ya kufanya, kwa maana kuna kitufe kimoja kwenye kioo hicho ambacho bado siwezi kukitazama nikiwa na mtu.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Baba alikufa, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha, na tulibaki watatu: mimi, ndugu yetu wa kati ambaye sasa ana familia yake Machakos, na huyu wa mwisho aliyekuwa na miaka minne. Baada ya maziko ya mama, wajomba walikaa kwenye mkeka wakaulizana mzee wa nyumba hii sasa ni nani. Kale katoto kakaninyooshea kidole. Watu walicheka, siku ambayo hakuna aliyedhani angecheka, na jina likabaki. Tangu siku hiyo dada yangu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita mzee. Mzee, kuna chai? Mzee, nisainie hii karatasi ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Niligeuza nyama kwenye makaa pale Kenyatta Market, nikakata kachumbari, nikaosha sinia. Baadaye fundi mmoja wa milango akanichukua nimpigie msasa. Jioni nyumbani nilikuwa nikilishika tezo la baba, kile kishoka chake cha kuchongea, nikaendelea pale alipoachia, kwa maana baba alikuwa mchongaji kama watu wengi wa kwao. Kwa yote hayo sijawahi kuona haya. Mtu akiniuliza uliacha shule kwa nini, namwambia. Haya zangu zilikuwa mahali pengine, mahali ambapo sikupajua hadi siku ninayoieleza: sikutaka mtu yeyote anione nikiwa sijui kitu.

Wazo la mashine lilikuwa la dada yangu. Alikuwa akisomea umeme katika chuo kimoja mjini, akaona mashine kama hiyo, akarudi akanichorea kwenye karatasi ya kufungia mkate. Mimi nilichomelea fremu kwa vyuma vya mraba. Yeye alizunguka Luthuli Avenue duka kwa duka akitafuta mota, nyaya na vile visanduku vinavyoendesha mota. Mwanzoni tuliiendesha kwa kompyuta kuukuu ya mapajani, lakini vumbi la mbao liliingia kwenye vitufe hadi herufi moja baada ya nyingine zikakataa. Ndipo akasema tuachane na vitufe, tuweke kioo.

Alikileta kimeviringishwa kwenye sweta yake. Nilitengeneza sanduku la chuma, nikatoboa mahali pa kioo, na kando yake nikatoboa tundu la kitufe chekundu kinene kama uyoga, cha kuzima kila kitu kukiwa na hatari. Yeye aliingiza kompyuta ndogo isiyozidi pakiti ya sigara, akaunganisha, akawasha. Siku ya kwanza kioo kilikuwa kimegeuka: ukigusa kushoto, kulia ndiko kunakoitikia. Akakaa hapo akigusa misalaba midogo kwenye pembe nne, mara tatu, mara nne, hadi kikakubali. Kisha akaniambia nijaribu.

Niligusa. Hakikufanya kitu. Nikabonyeza zaidi.

"Mzee, kidole yako imekufa," akasema. "Hii screen inataka ngozi ya mtu hai. Hiyo yako ni gundi tupu."

Tulicheka. Nikaenda kuosha mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, nikarudi, na kioo kikanikubali. Ilikuwa siku nzuri. Nasema hivyo kwa sababu siku hiyo hiyo ndiyo aliyoniuliza, huku akiwa na kibodi kwenye magoti, "Hizi button niandike Kiswahili ama Kizungu? Naweza andika chochote unataka."

Nilijua kwa nini anauliza. Alikuwa amenisomea barua za Kizungu tangu akiwa darasa la nne, akijifanya kwamba ni mazoezi yake ya shule. Aliuliza taratibu, akiwa hanitazami, ili nisione kama ananihurumia. Na mimi nikafikiria wateja wa mitaa ya matajiri, Lavington na Kitisuru, wakisimama nyuma yangu, wakiona fundi anayehitaji kuandikiwa ANZA na SIMAMA kama mtoto wa chekechea.

"Kizungu," nikasema. "Wateja wanaingia hapa."

"Sure?"

"Kwani mimi siwezi kusoma?"

Akaandika Kizungu.

Niliishika mashine kwa mahali na kwa rangi. Kijani chini kulia ni kuanza. Cha manjano ni kutulia kidogo. Mishale ni mishale, haina lugha. Vingine nilivikwepa. Kimoja tu nilikijua kwa jina na kwa sura, kwa sababu kilikuwa na picha ya nyumba na chini yake neno Home. Hicho kila mtu mwenye simu anakijua. Umepotea ndani ya simu, umefungua vitu hujui utatoka wapi, unabonyeza Home, unarudi ukurasa wa kwanza. Neno ambalo liliniangusha ni lile moja nililokuwa na hakika nalo.

Mashine ina swichi tatu ndogo: moja mwisho wa urefu, moja mwisho wa upana, na moja juu, mahali mota ya kukata inapoishia ikipanda. Mashine ikizigusa zote inajua iko wapi. Tulipozijaribu, ile ya juu ilikuwa imekufa. Dada yangu akasema ataenda Luthuli kutafuta nyingine, na kwa sasa tutafanya kazi tukiipima sehemu hiyo kwa mkono. Akabandika kipande cha utepe mweupe juu ya sanduku, akakiandika kwa Kizungu kama alivyozoea kuandika vitu vyake vya kazi, na akaniambia kwa mdomo pia.

"Usiguse Home mpaka niweke hiyo swichi ya juu."

Nilidhani anasema ukurasa wa kwanza haujakamilika. Nilifikiri kuna picha zitakuja vibaya. Ningeweza kumuuliza kwa nini. Lilikuwa swali la neno moja.

"Najua Home ni nini," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, kalamu ikiwa bado mkononi. Kwetu mtu hamwelezi aliyemlea kitu ambacho huyo ameshasema anakijua. Ni kama kumrudishia chakula mdomoni. "Sawa, mzee," akasema.

Mteja wetu mkubwa mwaka huo alikuwa mhandisi mstaafu wa Kitisuru. Nairobi mtu akiwa injinia hubaki injinia, kwa hiyo tulimwita Injinia, na nadhani hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa na mjakaranda ambao mama yake aliupanda walipohamia kiwanja kile. Uliangushwa na mvua. Hakutaka ukatwe kuni. Aliupasua mbao, akazikausha gereji kwa miaka miwili, akizigeuza mwenyewe. Ubao mpana kuliko zote alituletea sisi, tuuchonge matawi na maua, uwekwe juu ya mlango wake mkubwa. Hakukuwa na mwingine wa upana ule. Alitueleza hivyo bila kututisha, kama mtu anayetaja uzito wa mzigo kabla ya kukupa ubebe.

Alikuja mara ya kwanza kuona mashine, akamkuta dada yangu ameinama ndani ya sanduku. Akamuuliza maswali. Niliona ni mtihani, ingawa aliuliza kama mtu anayepitisha muda: waya huu kwa nini uko mbali na ule, umeme ukipotea katikati ya kazi itakuwaje. Dada yangu alijibu kila swali bila haraka, na alipofika kwa moja ambalo hakulijua alisema hajui, atalitafuta. Injinia alipenda jibu hilo kuliko mengine yote. Niliona akilipenda, na halikunifundisha kitu.

"Wewe ni injinia kama mimi," akamwambia. "Tofauti ni mvi tu."

Kuanzia hapo alimwita Injinia Mdogo. Akasema iko kampuni Industrial Area ambayo aliwahi kuisimamia, wanafunga vidhibiti vya mashine kwenye viwanda, kila mwaka wanachukua vijana wawili kuwafunza na wakifaa hubaki. Jumatatu angempeleka mwenyewe, kwa gari lake, amwingize ofisini. Dada yangu alikuwa amemaliza chuo mwaka mzima uliopita. Alikuwa ameandika barua za kuomba kazi hadi akaacha kunionyesha. Jioni hiyo alipiga pasi blauzi nyeupe akaitundika kwenye msumari, ingawa ilikuwa Jumanne.

Jumatano asubuhi aliianzisha kazi ya ule ubao yeye mwenyewe. Aliupima, akaufunga, akashusha kisu cha ile mota ya kukata polepole hadi kikagusa mbao, akaangalia nusu saa ya kwanza. Ilipokuwa inakwenda vizuri akasema anakimbia mjini kuchukua ile swichi, kuna duka limempigia simu. Mimi niangalie tu. Kukiwa na tatizo, kile chekundu.

Nilikaa nikitazama. Matawi yalitoka kwenye mbao kama yaliyokuwa humo tangu zamani yakisubiri kufunuliwa. Mjakaranda ukikatwa una rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na harufu yake si ya maua. Saa nne hivi nikasikia gari. Injinia alikuwa akipita kwenda benki, akaona aingie.

Nilibonyeza cha manjano ili mashine itulie aweze kusogea karibu. Ikasimama mahali ilipokuwa, kisu kikiwa ndani ya mbao, kikizunguka bado. Injinia akavaa miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Sijui kama aliona mbao au alimwona mama yake.

"Hebu nione picha," akasema, "vile itakaa ikiisha."

Picha ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Dada yangu alikuwa amemwonyesha siku ile. Nami nilikuwa nimesimama pale, mbele ya kioo changu, ndani ya karakana yangu, na mtu aliyesoma akinisubiri nyuma ya bega. Nilinyoosha kidole nikabonyeza nyumba.

Kwa sekunde moja hakukutokea kitu. Kisha mashine ikaanza kwenda. Haikupanda kwanza, kwa sababu swichi ya juu ilikuwa imekufa na dada yangu alikuwa ameiambia mashine isiitafute. Ilikwenda pembeni tu, kwa mshazari, kuelekea kona yake ya kuanzia, ambayo kwa mashine ndiyo Home, ikikivuta kile kisu ndani ya mbao, juu ya matawi, juu ya maua. Sauti yake ilikuwa kama ya nguo nzito inayopasuliwa. Nilibonyeza nyumba tena. Nikabonyeza mara ya tatu. Kisha, na hili ndilo ninaloliona nikifumba macho, nikapitisha kidole kwenye kioo kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayefunga kitu kwenye simu.

Mkono wa Injinia ulipita mbele ya kifua changu ukakipiga kile kitufe chekundu. Mashine ikazima. Kitufe hicho kiko umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kioo. Mimi ndiye niliyekitobolea tundu.

Alama ilianzia karibu katikati ya ubao ikaenda hadi ukingoni, nyoofu, yenye kina cha ncha ya kidole gumba. Injinia aliipitishia mkono kama anayepapasa ng'ombe. Hakupaza sauti.

"Nini imefanyika, fundi?"

Nimejiuliza mara nyingi kama nilifikiri kabla ya kujibu. Ningependa kusema sikufikiri, lakini nilifikiri. Niliona wazi majibu mawili, na la kwanza lilikuwa fupi: nimebonyeza kitu nisichokijua. Nilisema la pili.

"Ni huyu dada yangu. Hakumaliza kuunganisha, na nilimwambia amalize kabla ya kuanza kazi. Hawa watoto wa siku hizi wana haraka."

Alitazama kile kipande cha utepe juu ya sanduku. Alikuwa na miwani na alijua Kizungu, kwa hiyo alikisoma. Kwa wakati ule nilidhani hakuna kitu hapo cha kunishtaki. Baadaye dada yangu alinisomea. Kiliandikwa kwamba Home isibonyezwe, swichi ya juu bado. Injinia alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Lakini alikuwa akitazama ubao, si kidole changu, na labda alitaka kuamini kwamba mtu wa umri wangu hawezi kumsingizia mdogo wake.

Ndipo dada yangu akaingia, akitokwa jasho, mfuko wa karatasi mkononi. Ndani kulikuwa na ile swichi. Alisalimu kabla ya kuona. Kisha akaona.

"Msichana," Injinia akamwambia, na nikasikia kwamba hakusema Injinia Mdogo, "unaanzaje kazi na mashine haijaisha? Kaka yako alikuambia. Siku moja itakuwa si mbao, itakuwa mkono wa mtu."

Dada yangu alitazama ubao. Akatazama kioo, ambacho kilikuwa bado kinawaka kwa sababu kina umeme wake wa pembeni, na kwenye mstari wa chini kabisa kilikuwa kimeandika jambo la mwisho kililoamriwa kufanya. Kinaandika kila kitu. Sikujua hilo pia. Alisoma, akainua macho akanitazama mimi, muda mfupi sana, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa.

"Pole sana, Injinia," akasema. "Ni kosa langu."

Nilikuwa na nafasi hapo pia. Nilikuwa na nafasi kubwa kuliko mlango. Nikainama nikaanza kufungua boliti za kushikilia ubao, moja baada ya nyingine, na nikazifungua vizuri, bila kuharibu nyuzi zake.

Tulimbebea ubao hadi kwenye gari. Alisema ataupeleka nyumbani, hataki urekebishwe. Kuhusu Jumatatu hakusema neno, na hakuna aliyemuuliza.

Alasiri dada yangu aliiweka ile swichi. Alifanya kazi yake kwa utaratibu ule ule, akaijaribu mashine, ikapanda juu kwanza, ikagusa, ndipo ikaenda konani. Akaniambia, "Sasa iko sawa, kaka."

Kaka. Si neno baya. Watu wengi wangefurahi kuitwa hivyo. Alhamisi aliniita kaka, Ijumaa kaka, akinipa chai, akiniuliza kama nimeona koleo. Hakuninunia. Angeninunia ningepata pa kushikia hasira. Blauzi nyeupe ilibaki kwenye msumari, na kila nilipopita ilinigusa bega.

Jumapili sikuenda kanisani. Nilimwambia nina mtu wa kuona Westlands, na huo ulikuwa uongo mwingine, mdogo, wa kubeba ule mkubwa. Nilikwenda kwa miguu, nikapitia Loresho nikashuka hadi Kitisuru, kati ya kuta ndefu na nyua zilizokatwa nyoofu, na walinzi wakinisalimu kwa kunipima. Kwenye lango moja kulikuwa na kibao cha MBWA KALI nilichokichonga mwenyewe miaka iliyopita. Dada yangu, akiwa kidato cha kwanza, aliniambia inapaswa kuwa mkali. Nilimwambia mteja ndivyo alivyotaka. Mteja hakuwa amesema chochote. Ni mimi nilikuwa nimekwisha kukata herufi. Nilisimama mbele ya kibao hicho nikaona kwamba jambo hili si la Jumatano peke yake.

Injinia alinipokea gereji, akiwa na kandambili, ametoka kanisani na tai bado shingoni. Ubao ulikuwa umeegemezwa, uso ukielekea ukutani. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilisema mimi ndiye niliyebonyeza, kwamba dada yangu alikuwa amenikataza kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba hakuwepo, na kwamba nilimsingizia.

Aliegemeza mkono kwenye ubao. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia. Aliuliza nilidhani Home ni nini. Nikamweleza kuhusu simu. Nilingoja acheke, na naamini kucheka kwake kungenisaidia, lakini hakucheka.

"Umekuja sababu ya mbao ama sababu ya huyo msichana?"

"Sababu yake."

"Ungekuja Alhamisi," akasema. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Mimi niliwapigia simu Ijumaa asubuhi. Niliwaambia huyo nilikuwa naleta, nimebadilisha nia. Walikuwa na mwingine amengoja, wakamchukua."

Alipiga simu nyingine mbele yangu, papo hapo, akatoka uani, na nilimwona kupitia mlango akizungumza huku akisukuma majani makavu kwa mguu. Aliporudi alisema nafasi zimejaa. Wamekubali kumwona mwakani, na yeye mwenyewe atampeleka. Alisema hivyo bila uchungu na bila kunifariji. Kwenye lango akaniambia, "Umwambie mwenyewe. Usinifanye mimi nikuwe wa kumwambia."

Nilimkuta dada yangu karakana. Alikuwa akifuta kioo kwa kitambaa cha kufutia miwani, hatua kwa hatua kutoka juu, kama asafishavyo mtu dirisha la nyumba yake. Nilimwambia yote tangu ubao hadi simu ya Ijumaa. Sikuacha kitu, hata ule uongo wa Westlands.

Hakuacha kufuta. "Nilijua ni wewe," akasema. "Hiyo screen iliandika. Mara tatu."

"Kwa nini ulisema ni kosa lako?"

Alifikiri. "Kidogo ilikuwa yangu. Ulisema unajua Home, na mimi niliona hujui. Niliona kabisa. Nikasema, nani mimi nimfundishe huyu." Alikunja kitambaa mara mbili. "Halafu Injinia alikuwa anakuangalia. Singeweza kukuacha hapo umesimama."

"Mimi nilikuacha."

"Eeh," akasema. "Uliniacha."

Jirani alikuwa akipiga nyundo upande wa pili wa ukuta, akaacha, akaanza tena. Mwishowe nikamwambia aniwekee Kiswahili.

Alichukua kibodi, akaketi, akaiweka magotini kama siku ile. Tukaanza na kimoja kimoja. Kila kitufe nilimuuliza kinafanya nini, na kama sikuelewa nilimuuliza tena, na yeye alinieleza tena. Ilichukua alasiri nzima. Kwa simama alisema hapana, simama inaweza kuwa inuka, mtu akiogopa anaweza kusahau ni ipi, tuandike ACHA. Tulipofika kwenye picha ya nyumba akaniuliza, "Na hii tuiite aje? Nyumbani?"

Nikasema hapana. Nilimwambia iitwe kwa inachofanya. Inaenda kona.

Aliandika RUDI KONA, akataka kuiondoa ile picha ya nyumba. Nilimwambia aiache. Akanitazama.

"Ya nini?"

"Iache tu."

Dada yangu alisubiri miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo alirekebisha pasi za watu, na redio, akafunga nyaya kwenye nyumba za kupangisha za Kawangware, na blauzi niliikuta siku moja imekunjwa sandukuni. Injinia alitimiza neno lake. Asubuhi alipokuja kumchukua, alimfungulia mlango wa gari akamwita jina lake kamili, si Injinia Mdogo, na dada yangu akaingia. Sasa anafanya kazi huko. Huja Jumamosi, huangalia nyaya, hunywa chai. Siku nyingine huniita kaka. Mara mbili, akiwa ameinama ndani ya sanduku na ametaka bisibisi kwa haraka, ameniita mzee. Sijui kama alisikia. Nilimpa bisibisi.

Kila asubuhi naosha mikono, nawasha kioo, nabonyeza kile kitufe chenye picha ya nyumba kabla ya kufanya lolote. Mashine hupanda juu, hugusa swichi, huenda mwisho wa upana, hugusa, huenda mwisho wa urefu, hugusa. Kisha hutulia. Shuleni kwetu mwalimu alimsimamisha konani mtoto aliyekosea, uso ukutani, hadi aambiwe arudi. Mimi nilikaa shuleni muda mfupi, lakini hilo nalikumbuka. Naitazama mashine ikiwa pale, na huwa siharakishi kubonyeza cha kijani.